Mwano Wakati wa Kampeni

"Nakuuliza tena, Mama Agapiti, mwano ulipopigwa ulikuwa wapi?"

"Na mimi nakujibu tena, Mama Nelly: ndani kwangu! Ulitaka niwe wapi, Ikulu?"

"Ndani! Ng'ombe wa watu wanaibwa, ukunga wa kuita msaada unalia, mtaa mzima umetoka na fimbo, hata bibi Monika na mguu wake mbovu katoka, we uko ndani!"

"Tangu kampeni zianze ni filimbi na ukunga mchana kutwa. Gari hili linaingia, lile linatoka. Ningejuaje hizo kelele ni za wezi na siyo za wagombea?"

"Hujui mwano, miaka yote hii uko Nyarugusu? Sema ulikwenda kwa Mha mwenzako, kwenye mkutano wake!"

Dorika, yaani Mama Nelly, alilitupa neno hilo kama anavyotupa maji ya vyombo, bila kuangalia nani anapita. Yeye na jirani yake Melania, Mama Agapiti, walikuwa hawamalizi wiki bila kugombana. Leo kuku, kesho majivu, na jioni mmoja anapitisha bakuli juu ya ua kuomba chumvi. Lakini safari hii barabarani walikuwa wanapita vijana wa Ngassa na kofia zao mpya. Wakasimama. Mmoja akasema, "Kumbe!" Wakaendelea na safari.

Hawakuhitaji zaidi. Ngassa, Msukuma wa hapohapo, alikuwa anagombea udiwani. Mpinzani wake wa chama kingine alikuwa Valerian, Mha wa Kasulu, mwenye karasha mbili za kusagia mawe ya dhahabu. Mwanzoni watu walibishana kuhusu maji na barabara. Siku zilivyosogea, maji yakasahaulika, wakabaki wenyeji na wakuja. Kwa hiyo kabla jua halijatua, maneno ya Dorika yalikuwa yameshaota miguu: Waha walijua ng'ombe wataibwa. Waha walijifungia makusudi. Waha wanaitaka kata yote.

Sungusungu wakakaa baraza. Kamanda wao, Maduhu, mzee asiyependa kurudia neno, akatangaza: Mama Agapiti ametengwa. Asisalimiwe. Asipewe moto wala maji. Chakula chake kisiliwe, na yeye asikaribishwe kula kwa mtu. Atakayevunja atatoa ng'ombe, kisha naye atatengwa.

"Mpaka lini?" Melania aliuliza.

"Uchaguzi upite. Halafu tutaangalia kama unafaa kubaki hapa."

Neno hilo la kubaki ndilo lililomkosesha usingizi. Mumewe, Edward, alikuwa machimboni Kharumwa na simu yake haipatikani. Agapiti yuko bweni Geita. Na Melania hakuzoea nyumba tupu. Kwake watu waliingia bila hodi, wakanywa chai, wakasengenya mpaka masufuria yakapoa.

Asubuhi akabeba maandazi yake kwenda kwenye karasha kama kawaida. "Mwangaluka," akawasalimia. Siku zote walimcheka alivyoitamka salamu hiyo ya Kisukuma kwa lafudhi ya Kiha, kisha wakanunua. Siku hiyo wale wale wanaomwita shemeji waliangalia viatu vyao. Akarudi na ndoo imejaa. Njiani aliona familia ya Waha ikipakia magodoro kwenye guta. Alipofika nyumbani akamwagia maji paa la nyasi la jiko lake, lisije likatiwa moto usiku. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje, aliichungulia.

Siku moja kabla ya kura, jua likielekea kuzama, mwano ukapigwa tena.

Melania alisimama katikati ya chumba, mikono kifuani. Akitoka, amevunja kutengwa. Asipotoka, amerudia kosa. Na kama safari hii mwano ni wa kumjia yeye? Ukunga ulikaribia, ukapita, ukaelekea kwenye zizi la Maduhu. Akachukua fimbo, akatoka.

Kumbe ndama alikuwa ametumbukia kwenye shimo lililoachwa na wachimbaji, na walikuwa wameshamtoa. Watu walibaki na fimbo mikononi na kazi imeisha. Ndipo wakamwona.

"Aliyetengwa haji kwenye mwano," Maduhu akasema.

"Nisipokuja ni kosa, nikija ni kosa. Basi mniambie nifanye nini, baba."

"Katumwa na Valerian kuja kutuchungulia!" kijana mmoja akapaza sauti. Duara likajibana. Fimbo ya mtu ikamgusa mgongoni, si kwa kumpiga, kwa kumpima tu.

"Nipisheni!" Dorika alikuwa anapenya kwa viwiko. "Mimi ndiye niliyesema alikwenda mkutanoni. Nilisema kwa hasira, sikumwona popote. Na msiniangalie hivyo! Kura yangu ni ya Ngassa, kesho nampa. Huyo Valerian simtaki na karasha zake zinazonijazia vumbi kwenye mboga. Lakini huyu hakwenda."

"Mama Nelly, adhabu unaijua," Maduhu akasema taratibu.

"Naijua. Na ng'ombe sina, mtachukua mbuzi na hili domo langu."

Dorika akamshika Melania mkono, akamvuta. Wanaume hawakusogea. Wanawake hao wawili wakapita upande upande katikati ya fimbo, na nyuma yao wakasikia miguu inafuata, mingi.

Walipofika mlangoni kwa Dorika, miguu ikasimama kwenye ua. Maduhu alikuwa mbele, filimbi midomoni, hajaipuliza. Dorika akafunua pazia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mama Agapiti, ugali umeiva na dagaa wapo wa kutosha. Ingia ule."