Maji ya Wimbo wa Nne

Hakuna santuri ya muziki wa kantri iliyopata kuimbwa vizuri kuliko ile ya Verlene Stidham, na anayesema hivyo amezisikia zote. Haya, amesikia sita, na mbili kati ya hizo zilikuwa za mahubiri. Lakini hii ndiyo pekee iliyotoa maji, na hilo hata wasioipenda hawalibishi.

Maji yalianzia Nashville, studioni, Jumatatu asubuhi, Verlene alipokuwa akirekodi wimbo wa nne. Alikuwa ameutunga mwenyewe, kama zile nyingine zote, kuhusu kisima cha kwao katika bonde la Tolliver, Kentucky, jinsi kilivyokuwa kabla kampuni ya makaa ya mawe haijaanza kuulipua mlima kwa baruti. Alipofika kwenye kiitikio, maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye tundu la gitaa. Fundi mitambo akaleta ndoo, akaiweka chini ya kiti cha Verlene.

"Tena, dada, kuanzia ubeti wa pili," alisema. "Na hiyo ndoo itandikiwe taulo ndani. Inagonga nje ya mdundo."

Santuri ikatoka. Mijini watu walilalamika kwamba mazulia yao yanalowa, wakairudisha madukani, na kiwanda kikaacha kuitengeneza. Tolliver hakuna aliyerudisha hata moja. Huko maji ya bomba yalivutwa kutoka visimani, na visima vilikuwa vimeingiliwa na uchafu wa mgodi. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya jana na harufu ya yai viza. Shati jeupe ukilifua mara moja, linatoka na rangi ya kutu. Mtoto ukimwogesha, anaamka na upele.

Basi watu wakatega beseni chini ya spika, wakashusha sindano kwenye wimbo wa nne, na maji yakaja, baridi, matamu. Wimbo mmoja ulijaza ndoo mbili. Mzee Dorsey Napier, shemasi, aliyewaambia watu maisha yake yote kwamba gitaa ni la shetani, alikuja na madumu mawili na pamba masikioni.

"Umeokoka na muziki, mzee?" aliuliza Ova, mama yake Verlene.

"Sisikii," Dorsey alijibu. "Jaza mpaka juu."

Shida ya santuri ni kwamba huchakaa. Kila ilipopigwa, sindano ilikula kidogo, na majani yalipoanza kupukutika milimani zile ndoo mbili zilikuwa zimebaki moja, tena yenye mchanga chini. Verlene alijaribu kuuimba wimbo upya jikoni kwa mama yake. Sauti ilitoka nzuri tu, kavu. Hakulia. Alifunga gitaa kwenye sanduku, akaenda kukaa kwenye ofisi za serikali mpaka wakamwahidi mkaguzi. Mkaguzi akiyakuta maji mabovu, kampuni italazimishwa kuvuta bomba la maji safi kutoka mjini. Akiyakuta mazuri, kwisha habari.

Ikakubaliwa bonde zima: siku ya ukaguzi hakuna kupiga santuri, na mkaguzi apewe maji ya bomba jinsi yalivyo, na harufu yake.

"Na wewe, mama," alisema Verlene.

"Kwani mimi mtoto?" alisema Ova.

Siku yenyewe Verlene aliteremka nyumba za chini kuwakumbusha watu. Mkaguzi, kijana aliyeitwa Pruitt, alikuja kwa njia ya juu na kuanzia kwa Ova. Alivua kofia mlangoni, akajipangusa viatu. Alikuwa amevaa tai. Mtu wa tai hakuwa ameingia nyumba ile tangu mumewe Ova alipokufa, na yule wa mara ile alikuja kupima jeneza.

"Nimekuja kuchukua maji kidogo, mama."

"Keti kwanza. Kwetu mgeni hasemi shida yake na tumbo tupu."

Akamkatia pai ya tufaha. Kisha akasimama kwenye sinki, mkono juu ya bomba. Sinki lile alikuwa amelisugua tangu alfajiri na alama ya kutu ilikuwa pale pale, imekodoa. Mama yake Ova aliwahi kumchinjia mchungaji kuku wa mwisho, halafu akasema wapo wengine bandani. Ova akaondoa mkono kwenye bomba. Akafungua friji, akatoa jagi la kioo lililojaa wimbo wa jana.

"Haya ni ya bomba?" Pruitt aliuliza, huku akijaza chupa yake ya kupimia.

"Ya wapi tena, mwanangu? Kunywa."

Akanywa glasi tatu, akaona chupa ile moja inatosha kwa bonde zima, akarudi alikotoka.

Majibu yalisomwa kwenye ukumbi wa kanisa, Jumapili, baada ya chakula. Maji ya Tolliver ni safi, safi kuliko ya makao makuu ya jimbo. Bomba halitaletwa. Mtu wa kampuni alipiga makofi peke yake, akavaa kofia, akatoka. Watu waliendelea kukaa, wakiangalia mifupa ya kuku sahanini. Asubuhi ile santuri ya Ova, ya mwisho iliyokuwa bado na kitu, ilikuwa imetoa kikombe kimoja, nacho cheusi.

Verlene alimgeukia mama yake.

"Mama. Ulimpa maji gani?"

"Ya bomba. Mungu ananiona."

"Hukumpa yale ya kwenye friji?"

"Friji gani? Hata glasi hakushika. Alikuwa na haraka, maskini, hata kukaa hakukaa."

"Dada Ova hawezi kusema uongo ndani ya kanisa," alisema Dorsey, akiangalia dari.

Pruitt alikuwa anapita katikati ya meza akisalimia watu. Alipomwona Ova, uso ukamchangamka.

"Mama Stidham! Nilikuwa nakutafuta. Lile jagi lako bado lipo? Mke wangu nimemwambia, haamini." Akatoa mfukoni chupa tupu, akafungua kifuniko. "Amesema safari hii nisirudi bila maji yale."