Sentimita Tano Zilizorudishwa Dukani

Wateja wote wa fundi Sentimita walikuwa waongo, naye aliwapenda hivyo hivyo. Mtu akisimama mbele ya kioo kirefu cha chumba cha kupimia, tepu ikizungushwa kiunoni, ghafla anavuta tumbo ndani kama anayejificha nyuma ya nguzo. "Themanini na sita, fundi. Miaka yote mimi ni themanini na sita." Fundi anaitikia kwa heshima zote, "Naam, bosi, themanini na sita," huku mkono wake unaandika tisini na moja. Ongeza tano, nyamaza. Kwa miaka ishirini na minane hakuna suti iliyorudi, na kila jioni alimsimulia mkewe viuno vya siku hiyo, akicheka mpaka miwani inamteleza puani.

Mtu wa namna hiyo, ungedhani amechanjwa dhidi ya ugonjwa wenyewe. Wapi!

Nje ya cherehani, Sentimita alikuwa na wazimu mmoja tu: ski ya maji. Si ile ya mbao mbili wanayojifunzia watu. Yake ni ya ubao mmoja, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, boti inakuvuta kwa kamba, nawe unakata maji kushoto na kulia kuyazunguka maboya sita yaliyopangwa ziwani. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja alipanda boti ya asubuhi, kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yamelala kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Ilikuwa nusu saa pekee katika wiki nzima ambayo hakuinamia meza.

Lakini boti ya asubuhi ilikuwa na nafasi za watelezaji wanne tu, na klabu ilikuwa na sheria. Mara moja kwa mwaka kila mwenye nafasi anapewa majaribio matatu. Asipozunguka angalau maboya manne, nafasi yake inagombewa na wa kwanza kwenye foleni. Huyo naye akiyazunguka manne katika majaribio yake matatu, nafasi ni yake; akishindwa, inabaki kwa mwenyewe. Ukipoteza, unahamia boti ya mchana: upepo, mawimbi, na watu wanaoanguka kabla injini haijawashwa.

Wa kwanza kwenye foleni mwaka huo alikuwa daktari wa meno, mama mrefu mwenye bashasha, aliyezoea kuwaliza watu wazima bila kuomba radhi. Majaribio yalikuwa yamebakiza wiki mbili, na ubao wa zamani wa Sentimita ulikuwa umepasuka kisiginoni.

Basi akaenda dukani. Muuzaji, dada mfupi aliyechomeka penseli kwenye nywele, akamuuliza anavutwa kwa kasi gani.

"Kilomita arobaini na tisa kwa saa."

"Na uzito, kaka? Maana urefu wa ubao unafuata uzito."

"Themanini," akasema Sentimita, bila hata kupepesa.

Namba hiyo haikuwa ya uongo kabisa. Ilikuwa ya kweli mwaka waliozaliwa mapacha wake, na mapacha sasa walikuwa wananyoa ndevu. Na alipoitamka, tumbo lake lilijivuta ndani lenyewe, bila kuagizwa.

Dada akamtazama kuanzia viatu mpaka kola. "Naam, kaka, themanini." Akaingia stoo, akatoka na ubao mweusi wenye mstari mwekundu, mzuri kama gari la waziri. "Huu utakubeba."

Nyumbani, Sentimita alisogeza koti la bwana harusi, akaulaza ubao juu ya meza ya kukatia. Kwenye mfuko wa ubao mlikuwa na kikaratasi chenye jedwali. Kilo themanini: sentimita mia moja sitini na nane. Akachukua tepu. Akapima. Akapima tena. Mia moja sabini na tatu.

Akatoa kichwani. Tano.

Damu ikampanda. Tano hiyo alikuwa anaifahamu. Alikuwa ameilea mwenyewe miaka ishirini na minane!

"Ameniongezea!" akamwambia mkewe, aliyekuwa kwenye kochi na fumbo lake la maneno. "Amenipima kwa macho, akaniongezea tano, akanyamaza!"

"Labda ameona vizuri, Baba Pacha."

"Ameona nini?"

"Ameona," akasema mkewe. "Nipe neno la herufi tano, kitu kisichofichika."

Sentimita hakuwa na muda wa mafumbo. Kesho yake alirudi dukani, ubao kwapani.

"Dada, hizi tano zako sizitaki."

"Tano gani tena, kaka?"

"Dada yangu, usinifundishe kazi. Mimi ndiye ninayewafanyia watu hivyo."

Dada akakuna kichwa kwa penseli. "Kaka, ubao ukizidi kidogo hauna ubaya. Ukipungua ndio unazama, hasa kwa mtu..."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote," akasema haraka mno.

Alipewa wa mia moja sitini na nane. Akatoka kifua mbele, kama mteja aliyefanikiwa kurudisha suti iliyokuwa inamtosha.

Ikafuata kazi ya kuufunga, na hapo, tusimwonee, alikuwa bingwa. Ubao mpya unakuja na matundu tu; viatu viwili vya mpira unavifunga mwenyewe kwa skrubu, na ukivisogeza mbele au nyuma kidogo ubao unabadilika tabia. Chini, mkiani, kuna pezi, kibati chembamba kinachokata maji wakati wa kugeuka. Hilo likisogea kwa unene wa uzi tu, umepata ubao mwingine. Sentimita aliazima kipimio cha chuma kwa fundi chuma jirani. Jioni tatu mfululizo alipima pezi, akalegeza, akasogeza, akakaza, akapima tena huku amezuia pumzi. Kila kipimo kilikuwa sahihi, isipokuwa kimoja, na hicho hakikuhitaji kipimio cha chuma. Kilihitaji mizani ya bafuni, ambayo alikuwa akiipita kila asubuhi kama jirani aliyekosana naye.

Jioni ya tatu alitaka kujaribu viatu. Akauweka ubao juu ya marobota mawili ya kitambaa ili pezi lining'inie salama katikati, akapaka miguu maji ya sabuni, akajisukuma ndani. Iliingia vizuri sana. Kutoka ndiyo ikawa kesi. Alikuwa bado amenasa, amechuchumaa juu ya marobota, mikono imenyooshwa ameshika kamba isiyokuwepo, mlango ukafunguliwa. Bwana harusi amefuata koti lake.

Bwana harusi akatazama. "Fundi, huu ndio mtindo mpya?"

"Ndiyo, karibu. Kiuno hakijabadilika?"

"Themanini na nne, fundi, kama kawaida."

"Naam," akasema Sentimita, na hapo hapo, bado amenasa kwenye ubao, akaandika themanini na tisa.

Ijumaa shemeji yake akapiga simu. Huyu ni mdogo wa mkewe, dereva wa boti, na utani wao ulikuwa na umri sawa na ndoa.

"Shemeji, naandaa mashine ya boti. Ile inayoshikilia kasi. Inataka uzito wa kila mtelezaji, ijue nguvu ya kuvuta."

"Themanini."

Upande wa pili kalamu ikasikika ikianguka.

"Upo, shemeji?"

"Nipo. Nasikia kama simu inakata. Umesema themanini?"

"Themanini."

"Haya. Nimeandika. Mimi ni nani hata nibishane na mume wa dada?"

Jumamosi ya majaribio maji yalikuwa yamelala kama alivyoyapenda. Gatini walisimama watu wanane, na daktari wa meno miongoni mwao, ubao wake umemwegemea begani, akiwatazama ndege kwa adabu ili asionekane anasubiri mtu aanguke. Sentimita aliingia majini, magoti kifuani, ncha ya ubao juu, kamba mkononi.

"Vuta!"

Boti ikavuta. Mtu wa kilo themanini angeinuka. Sentimita alibaki pale pale chini, akiyasukuma maji kwa kifua kama kabati linaloburutwa kuhamishwa nyumba. Aliachia kamba baada ya kunywa kiasi cha kumtosha mpaka Jumatatu.

Jaribio la pili aliinuka, kwa shida, maji yanamfika kwenye miundi. Akalifikia boya la kwanza, akainama kugeuka, mkia ukazama, akala mwereka ambao gatini waliuitikia kwa sauti moja: "Oooh!"

Limebaki moja. Shemeji akaizungusha boti, akaisimamisha kwa mbali kidogo.

"Pezi!" akapiga kelele Sentimita kabla hajaulizwa. "Pezi limesogea!"

"Pezi halijasogea, shemeji. Mashine yangu ndiyo inalalamika. Inasema inavuta mtu na mwenzake. Niambie, umebeba nani?"

"Nimebeba nani wapi?"

"Basi nipe uzito tena, niirekebishe."

Maji yaliyotulia yana tabia mbaya ya kubeba sauti. Gatini watu wanane walikuwa wamenyamaza kama wanasikiliza matokeo ya mtihani.

"Sogea nikunong'oneze."

"Kamba iko majini, sisogei. Sema, shemeji, jua linapanda na upepo unavaa viatu."

Sentimita akatazama gati, akatazama maboya, akaiona kichwani boti ya mchana na mawimbi yake. Akameza mate, yaliyochanganyika na ziwa.

"Themanini..."

"Themanini na ngapi?"

"Na kumi na sita."

Shemeji akainamia mashine, akabonyeza, akainua kichwa. "Hiyo huku imeandikwa kwa jina la tisini na sita. Ni ndugu yake?"

Gati zima likaangua kicheko. Na Sentimita, akielea pale kama boya la saba, akajikuta naye anacheka, mpaka akapaliwa. Alikuwa amewapima watu miaka yote hiyo na hakuwahi kujua kwamba kusema tu namba kunatetemesha midomo.

"Vuta," akasema.

Safari hii boti ilimvuta ikijua inavuta nini. Aliinuka taratibu, akanyooka. Boya la kwanza akalizunguka. La pili akalizunguka. La tatu, kwa ukucha, lakini akalizunguka. Akavuka kwenda la nne, akainama, na hapo ubao ukatafuta sentimita tano za mkia wa kuegemea, ukazikosa. Ukazama. Kamba ikalegea, kisha ikakaza ghafla, ikamtoka mikononi. Boya la nne likabaki linacheza pale, hatua mbili mbele ya pua yake.

Matatu. Aliogelea hadi gatini polepole kuliko ilivyohitajika.

Mkono mrefu ukamvuta juu. "Pole, fundi," akasema daktari wa meno. "Matatu kwa ubao ule ni mengi sana."

"Umejuaje kama ni ubao?"

"Mimi ni tisini na moja, na wangu ni mia moja sabini na tatu." Aliitaja tisini na moja kama anayetaja saa. "Sasa niombee."

Kumwombea! Sentimita alitaka kwenda kukaa kwenye gari na taulo kichwani. Lakini klabu ilikuwa na desturi: aliyetoka majini ndiye anayekaa nyuma ya boti kumtazama anayefuata, kuinua bendera akianguka, na kuhesabu maboya kwa sauti. Akapanda, bado anachuruzika. Boti ikainama upande wake.

"Karibu, tisini na sita," akasema shemeji.

"Endesha boti, wewe."

Daktari aliinuka mara ya kwanza tu, mrefu, mwepesi. Boya la kwanza, la pili, kisha akazama kwenye la tatu. Jaribio la pili, vile vile, la tatu tena. Sentimita aliinua bendera, na moyo wake, tuseme kweli, uliinuka pamoja nayo. Moja limebaki. Akianguka tena, nafasi inarudi kwa mwenyewe, mwenyewe ananunua ubao mwingine, na hakuna atakayekumbuka kitu mwakani.

Shida ni kwamba alikuwa ameona. Macho yaliyotazama mabega ya watu miaka ishirini na minane hayawezi kuambiwa yasione. Kila alipokaribia boya, daktari aliliangalia, kichwa kinashuka, bega la ndani linafuata, na ubao unafuata bega. Kosa la koti lililoshonwa bega moja chini.

Mama yule alikuwa anaelea kule nyuma, anavuta pumzi, amejiandaa. Shemeji alikuwa ameshika usukani, hajui lolote. Sentimita akajikohoza. Akatazama ziwa. Akajikohoza tena.

"Daktari!" Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyeng'olewa jino. "Usilitazame boya! Tazama miti ya ng'ambo! Kichwa juu!"

Daktari akainua kidole gumba.

Akaja. La kwanza, kichwa juu. La pili. Kwenye la tatu bega lilitaka kushuka, likakumbuka, likakaa. Sentimita alihesabu kwa sauti kama desturi ilivyotaka, na kila namba ilikuwa kama anajing'oa kifungo. Ubao ule mrefu ukageuka kwenye la nne taratibu, ukiinua ukuta wa maji unaong'aa.

"Nne!" akapiga kelele, mpaka gatini wakasikia. Ilikuwa namba yake ya pili ya kweli asubuhi ile, na ilimuuma kuliko ya kwanza.

Shemeji akageuza shingo, mdomo wazi. "Umesema ngapi?"

"Nne, na anakwenda la tano. Tazama mbele, shemeji, usije ukatupandisha nchi kavu."