Wimbo Uliofika Darini

Shangazi alikuwa akipinda gauni la jukwaani wakati Chiriku alipoanza wimbo wa tatu na miguu yake ikaachana na sakafu.

"Nimefika wapi?"

"Kimo cha stuli," alisema shangazi bila kusimamisha cherehani. "Ule wa kwanza hata kandambili isingepita chini yako. Endelea."

Ndivyo walivyochagua wimbo wa usaili wa mchezo wa jukwaani. Chiriku aliimba, shangazi akapima kwa tepu ya nguo kutoka unyayoni hadi sakafuni. Wimbo wa harusi haukumwinua kabisa. Wa vichekesho ulimwinua kidogo ukamtupa kwenye kapu la vitambaa, wakacheka hadi mbavu zikauma. Lakini ule wa mama anayembembeleza mtoto asiyekuwepo ulimfikisha darini, ikabidi ashikwe kifundo cha mguu asijigonge kwenye taa.

"Huuhuu," alisema Chiriku kutoka juu. "Safari hii nataka kusimama mbele, shangazi. Wanione."

Shangazi akasema penye nia pana njia, ingawa alijua nani ameshaketi njiani. Gauni lililokuwa pajani mwake lilikuwa la mhusika mkuu, na vipimo alivyoletewa na mwongozaji vilikuwa vya mpwa wa mwongozaji. Usaili wenyewe ulikuwa bado. Alitaka kusema, lakini alimpenda mno binti huyu, tena aking'aa vile huko juu. Akameza maneno, akaacha kitambaa cha akiba ubavuni mwa gauni, cha kumtosha Chiriku, endapo wangebadili mawazo.

Hawakubadili. Siku ya usaili Chiriku alielea juu ya meza ya waamuzi, na mmoja wao akasogeza kikombe chake cha chai kisipigwe teke. Mwongozaji alilia bila kujificha.

"Sauti hii hatuiachi," alisema. "Utaimba nyuma ya pazia, mpwa wangu atafumbua mdomo mbele. Tutakufunga kamba, usije ukachomoza juu."

Siku ya onyesho gauni lilimkaa mpwa sawasawa. Shangazi aliketi safu ya kwanza, kiti amekigeuza kuelekea pembeni, kwenye pazia. Wimbo ulipokwisha ukumbi ukasimama. Yeye alipiga makofi huku akitazama kitambaa cheusi, machozi yakimtiririka.

Jirani yake akamgusa bega. "Mama, mwimbaji yuko kule mbele."

"Kule hayuko," alisema shangazi, akaendelea kupiga makofi.