Mchwa wa Jumbe Methusela

Bwana wa reli, Mdachi mwenye masharubu yaliyosimama wima, alipoitwa Mpwapwa aliliacha sanduku la mwanawe nyumbani kwa Jumbe Methusela, pale Mkonze. Akaonya: likiguswa, Methusela hana cheo tena, na kiboko juu.

Methusela hakuligusa. Alilifungua tu, aone kama mchwa wameingia. Akakuta vijitofali vya kuchezea, vyekundu, vyeupe na vya buluu, na picha ya kanisa lenye mnara. Picha akaitupa pembeni. Jengo gani hilo lisilo na zizi? Akajenga tembe ya maana, paa bapa, zizi katikati, akalijaza mbegu za ubuyu, ndio ng'ombe wake. Raha iliyomshika hapo hakuwahi kuipata katika ujumbe wake wote.

Barazani wenye kesi wakangoja mpaka wakachoka. Mkewe, Anyesi, akamletea ugali, akarudi akaukuta umepoa palepale. Shemeji yake Bartolomayo, mtu mzima na mvi zake, akaja kumkanya. Akainama atazame kidogo. Jioni wote wawili walikuwa wamelala kifudifudi, wanatukanana.

"Fahali huyo wangu! Amevukia kwako tangu asubuhi!"

"Ana alama gani, we mwizi?" akafoka Bartolomayo.

Mlango ukaingia giza. Bwana wa reli amerudi! Bartolomayo akapenya ubavuni mwake, huyoo, hata viatu akavisahau. Methusela akabaki na tembe yake, jasho linamtiririka.

"Nani kafungua sanduku?"

"Mchwa, Bwana."

Bwana akaitazama ile tembe. Kisha akavua kofia, akapiga magoti, akaanza kusimamisha mnara langoni mwa zizi.

"Siyo hapo, Bwana! Ng'ombe watapita wapi?" Maneno yalimtoka kabla hajayazuia.

Bwana akafikiri, akausogeza.

Wakajenga mpaka wapagazi wa Bwana walipoanza kukohoa nje. Ndipo Bwana akajikung'uta magoti, akakusanya vijitofali vyote, akaenda zake na sanduku. Kiboko hakukitaja. Cheo kilibaki, na Methusela akaumia moyo kwelikweli. Afadhali kingechukuliwa cheo, sanduku likabaki.

Anyesi alikuwa mlangoni, anamtazama.

"Baba Loisi, paa hili unalolala chini yake linavuja tangu masika ya mwaka juzi. Kama hamu ya kujenga bado ipo, udongo ule pale."

Hapo ndipo Methusela alipokumbuka kwamba yeye ni jumbe, na watu wanamngoja barazani.