Kilomita Saba kwa Lita

Pikapu ilikuwa na viti viwili mbele, na kwa miezi minne sasa kimoja kilikuwa kinabeba sanduku la vifaa. Fundi aliliweka pale kwa makusudi. Sanduku lilikuwa na mahali pake nyuma, chini ya turubai, lakini kiti kitupu kilimsumbua kuliko hata kelele za gari, akaona afadhali kikaliwe na kitu chochote.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za visima vilivyochimbwa mbali, huko ambako barabara zenyewe zilishakata tamaa. Kwa miaka tisa alizunguka na dereva mmoja, mtu aliyemzidi umri kidogo, ambaye wote walimwita Taratibu. Jina lilimkaa. Taratibu hakuwa na haraka hata na kifo. Alisema kikimtaka kitamfuata kwa mwendo wake. Kila asubuhi alipiga teke kila tairi kwa kisigino na kusikiliza mlio, kisha akapanga vikombe viwili vya chai kwenye mfuko wa mlango. Mlimani aliachia mguu kabla hawajafika juu, akaiacha gari imalizie kwa nguvu zilizobaki.

"Mafuta hayaliwi na injini, mdogo wangu," alipenda kusema. "Yanaliwa na mguu."

Fundi hakuwa na mke. Aliwahi kuwa naye zamani, ndoa ikafa kifo cha kawaida, bila fujo wala mashahidi. Nyumbani kwake kulikuwa na kitanda, redio na jiko, na jirani aliyemsalimia kwa kukohoa. Kwa hiyo maneno yake yote ya wiki aliyasemea ndani ya pikapu. Yeye na Taratibu walikuwa chanda na pete. Walikula mkate na mayai ya kuchemsha juu ya boneti, wakabishana kuhusu mpira, na waliweza kunyamaza saa nzima bila mmoja kujiuliza mwenzake amenuna nini. Siku za mapumziko mke wa Taratibu alimwita shemeji na kumkaripia kwamba amekonda.

Kisha zikaja mvua zilizochimba barabara mpaka makorongo yakawa yanafika kwenye mlango wa gari. Ofisi ikaamua pikapu inyanyuliwe. Ikawekwa springi ndefu na matairi makubwa manne yenye meno kama mamba, ikawa inapita mahali ambapo hata punda angefikiri mara mbili. Taratibu alipoiona mara ya kwanza aliizunguka, akacheka.

"Sasa tutafutiwe na ngazi," alisema. Baada ya safari ya pili alisema jambo jingine, huku akigonga kioo cha mita kwa kidole. "Gari hii inatembea kuliko inavyosema."

Fundi akacheka pia. Alidhani ni mzaha kama ule wa ngazi.

Sasa kulikuwa na kitabu cha safari. Utaratibu wa ofisi ulikuwa kwamba anayeendesha haandiki na anayeandika haendeshi, ili pasiwe na mchezo. Kila walipojaza tangi, fundi aliandika kilomita zilizoonyeshwa na mita, akaandika lita, akagawa. Kabla ya kunyanyuliwa, pikapu ilikwenda kilomita kumi kwa lita moja ya dizeli. Baada ya kunyanyuliwa ikawa saba. Mwezi wa kwanza saba, wa pili saba. Na kwa kuwa hakuna safari iliyofanana na nyingine, leo kisima hiki, kesho kile, kesho kutwa njia imefungwa mnazunguka, hapakuwa na mtu wa kusema kilomita zenyewe zimepungua.

Bosi akamwita fundi ofisini.

"Hizi lita zinakwenda wapi?"

"Gari imenyanyuliwa, bosi. Lazima itakunywa zaidi."

"Zaidi, sawa. Lakini siyo hivi. Madereva wana mipira ya kunyonyea mafuta, sote tunajua, na gari inalala kwake. Wewe uko naye kila siku. Unaweza kumdhamini?"

Jibu la swali hilo ni neno moja, na mtoto wa darasa la kwanza analijua. Lakini fundi alikuwa mtu wa vipimo. Maisha yake yote alisoma mita na kuziamini, na kitabu kile kilikuwa kimeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Akaziwaza zile kilomita tatu zilizopotea. Akawaza gari ikilala kwa Taratibu.

"Sijui, bosi," alisema.

Sijui! Mtu umekula naye mayai miaka tisa, unajua analala kwa ubavu gani, unajua anavyoogopa nyuki, halafu hujui kama ni mwizi.

Taratibu alipoachishwa kazi hakugombana na mtu. Aliweka funguo juu ya meza ya bosi, akaenda kwenye gari, akachukua kikombe chake na kukiacha cha pili. Fundi alikuwa amesimama pale pale, umbali wa hatua tatu.

Ofisi ikamwambia fundi aendeshe mwenyewe mpaka apatikane dereva mwingine, na mpaka leo hajapatikana. Pikapu ikawa inalala kwake. Akatia kufuli kwenye mfuniko wa tangi, ufunguo akauvaa shingoni. Mchana alikula peke yake juu ya boneti, akajikuta anachemsha mayai manne kama zamani na kurudi na mawili. Alizungumza na pampu. Jioni alimkoholea jirani kabla jirani hajamkoholea, ili angalau aanze yeye.

Mwisho wa mwezi akagawa hesabu yake. Kilomita sita na nusu kwa lita.

Akarudia. Sita na nusu. Gari ililala kwake, ufunguo ulikuwa shingoni mwake, na mwizi huyu mpya alikuwa hodari kuliko yule wa zamani. Fundi alikaa kitandani, kitabu mapajani. Alilala chini ya gari kutafuta tundu, hakuona hata tone.

Wiki iliyofuata alikuwa kwenye barabara kuu, ile yenye mawe ya kilomita pembeni, moja kila kilomita. Alikuwa hajawahi kuyahesabu; wakati Taratibu anaendesha, yeye alikuwa anaongea. Sasa hakuwa na wa kuongea naye, basi akahesabu mawe. Kwenye jiwe moja alirudisha mita kwenye sifuri. Baada ya mawe kumi mita ikasema nane nukta nane. Akadhani mawe yamepandwa vibaya. Akaendelea mpaka mawe mia. Mita ikasema themanini na nane.

Alisimamisha gari, akashuka. Chini ya bodi ya nyuma kulikuwa na tairi la akiba, ambalo hakuna aliyekumbuka kulibadilisha. Lilikuwa la zamani, dogo. Alilifungua, akalibiringisha na kulisimamisha kando ya lile kubwa, na pale kando ya barabara, malori yakimpita na kumpigia honi, akaelewa. Mita ilihesabu mizunguko ya gurudumu, na kwa akili yake gurudumu lilikuwa bado lile dogo. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, mita haina habari. Ile saba ya Taratibu ilikuwa nane. Hizo mbili zilizobaki zilikwenda na upepo unaoipiga gari iliyopandishwa juu, na uzito wa matairi yale. Hapakuwa na mpira wala dumu wala mwizi. Palikuwa na dereva aliyeibana dizeli kwa ustadi ambao fundi mwenyewe, kwa mguu wake mzito, alishindwa kuufikia.

Mtu wa vipimo hakupima kipimo. Alilirudisha tairi mahali pake, akaigeuza gari kuelekea ofisini.

Bosi alisikiliza maelezo, akatazama kitabu, akajikuna shingo. "Basi mwambie arudi," alisema. "Hata leo." Akaendelea na karatasi zake.

Taratibu alikuwa ameanza kuziba matairi kando ya nyumba yake, chini ya bati moja lililoegemezwa ukutani, na beseni la maji na kompresa iliyokohoa kuliko jirani wa fundi. Aliisikia pikapu kabla ya kuiona. Hakuinuka.

"Kaka, habari za siku nyingi."

"Nzuri."

Fundi alimwaga yote, mawe, tairi la akiba, nane nukta nane, sita na nusu. Alisema haraka haraka, kama anayeogopa kufungiwa mlango. "Kwa hiyo haikuwa wewe, kaka. Ilikuwa mita. Nimemwonyesha bosi, amekubali, anasema urudi hata leo."

Taratibu alitoa mpira wa baiskeli kwenye maji, akaufuta kwa kitambaa.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilikuambia. Ukacheka."

"Sasa kwa nini hukumwambia bosi?"

"Bosi hakuniuliza mimi," Taratibu alisema. "Alikuuliza wewe. Nilikuwa nje ya mlango, nimeleta kitabu ulichokisahau kwenye gari."

Fundi alikosa pa kuweka mikono. Akasema nisamehe, kaka. Taratibu akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwumiza fundi. Hasira angeweza kuivumilia, angeipokea na kuomba zaidi.

"Sitarudi," Taratibu alisema. "Kazi yenyewe nilikuwa naipenda. Lakini mle ndani tuko wawili tu."

Halafu akainuka. Akapiga tairi la mbele kwa kisigino, akasikiliza. "Hayana upepo wa kutosha. Ndiyo maana inakunywa." Akavuta mpira wa kompresa, akajaza tairi la kwanza, la pili, akazunguka nyuma. Hakuharakisha. Fundi alisimama akimtazama, akatamani gari ingekuwa na matairi kumi.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa, mke wa Taratibu akatoka huku akifuta mikono kwenye kanga.

"Shemeji! Umepotea wewe! Kila siku namuuliza huyu, shemeji mbona haji, ananiambia umebanwa na kazi. Na umekonda tena! Ingia basi, ule."

Fundi alimtazama Taratibu. Taratibu alikuwa ameinamia tairi la nne.

"Ana safari ndefu," alimwambia mkewe bila kuinua kichwa. "Mwache aende."

Fundi alirudi kwa barabara kuu. Aliendesha polepole. Kwenye kila mlima aliachia mguu kabla ya kufika juu, akaiacha gari imalizie yenyewe, na mara ya kwanza alifanya hivyo mapema mno, gari ikakaribia kuzima. Kufika mlima wa tatu aliweza. Wiki ile yote aliendesha hivyo, na siku ya kujaza tangi alifungua kitabu, akaandika kilomita, akaandika lita, akagawa.

Saba. Saba kamili kwa mita ile ile ya uongo, kama ya Taratibu.

Akainua kichwa ili amwambie, akaliona sanduku kitini.