Bibi Anaongoza Kwenda Kunywa

Mama mkwe ndiye aliyempachika jina la Kesho, na jina likamganda kama kupe. Siku ya kuoa, afisa mikopo huyu alijitia kimbelembele: "Mama, umeme wa jua unakuja huku kwenu. Mkopo wa mradi uko mezani kwangu." Unakuja lini? Kesho. Tangu hapo, akienda ukweni anapokelewa gizani: "Karibu, Kesho. Angalia usimkanyage paka."

Sasa leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Kamati ya mikopo ya benki ilikuwa inakaa kuamua.

Feni ililalamika, chai ikamiminwa, ramani ikabandikwa ukutani. Paneli zilichorwa kwenye uwanda mmoja, ubavuni mwa hifadhi ya wanyama, na uzio ukauzunguka uwanda wote. Mwenyekiti alikuwa Mkubwa, mtu ambaye hajawahi kunusa pombe wala, kwa maelezo yake mwenyewe, kukosea. Akiridhika, mkopo umepita. Akiudhika, faili linafungwa na halifunguki tena.

Mgeni alikuwa Mama Askari, mkuu wa askari wa wanyamapori. Bila saini yake benki isingetoa hata senti. Yeye ndiye aliyeandika pembeni mwa ramani: *Njia ya tembo. Msizibe.*

"Nimeyaona maandishi yako," Mkubwa alianza. "Nikaagiza uzio upite papo hapo. Wakikosa njia, wataacha."

"Wataacha?" Mama Askari aliweka kikombe chini. "Hawaachi, mzee. Wamerithi kwa mama zao."

"Ndiyo shida yenyewe, malezi. Wanapita saa ngapi?"

"Jioni, wakienda kunywa mtoni."

"Siku hizi hadi mtoni! Wanaume watupu?"

"Madume hujitenga. Hapo wanapita mama na watoto. Bibi ndiye anaongoza."

Mkubwa alivua miwani. "Bibi mzima. Anaongoza watoto kwenda kunywa."

"Hata wanaonyonya."

"Na serikali inajua?"

"Inajua, mzee. Ndiyo inatulipa tuwalinde."

Hapo chai ikampalia Kesho. Kumbe Mkubwa anazungumzia tembo la kugemwa, ile pombe ya mnazi ya kwenye mtungi, na Mama Askari anazungumzia tembo wa masikio. Kicheko kilimpanda kama maziwa yanayochemka. Akakimeza. Akicheka, Mkubwa ataaibika mbele ya kamati, faili litafungwa, na ukweni watu wataendelea kukanyaga paka.

Akajikohoza, akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi: "Mama, samahani. Huyo bibi akikuta uzio, anafanyaje?"

"Anaung'oa. Anakunja mkonga, anavuta nguzo moja baada ya nyingine, familia inapita."

Neno mkonga likatua mezani. Mkubwa aliitazama ramani, akamtazama Mama Askari, kisha akamgeukia Kesho, ambaye wakati huo alikuwa anachunguza dari kwa bidii.

"Mkonga," Mkubwa alisema taratibu.

"Ndiyo, mzee."

Mabega ya Mkubwa yakaanza kutikisika. Mhasibu wa benki alidhani ni homa, akasogeza maji.

"Na mimi hapa kimoyomoyo," Mkubwa alisema huku akifuta machozi, "nimeiombea ile familia iache pombe."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mama Askari, alipoeleweshwa, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Mradi ukachorwa upya. Paneli ziligawanywa mafungu mawili, kila fungu na uzio wake, njia ikaachwa wazi katikati, nyaya zikapita chini ya ardhi. Mhasibu alinuna kwa sababu gharama ilipanda.

"Mkopo uongezwe," Mkubwa akakata shauri. "Bibi wa watu apite akanywe. Na kwenye muhtasari andikeni ndovu."

Mama Askari akasaini.

Umeme ulipofika ukweni, mama mkwe alibonyeza swichi, akazima, akabonyeza tena. Paka akakurupuka, akaingia uvunguni. Mama mkwe akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza bila kukunja macho.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Sasa friji linakuja lini?"

Kesho alifungua kinywa. Mkewe akamkanyaga mguu.

"Tutazungumza, mama," Kesho akasema.