Fagio la Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye mkuu wa kompyuta hapa hospitalini, na kila asubuhi hupita kwenye seva akifuta kila folda anayoikuta tupu. Anauita usafi. Sisi tunamwita Fagio, chini kwa chini.

Simpendi. Nakaa kwake, nakula kwake, na bado simpendi.

Siku hiyo muda wangu wa majaribio ulikuwa unakwisha. Mganga mkuu alitaka mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya seva, ya kutunzia majibu ya maabara. Iwake kabla ya saa sita, ama nirudishe kitambulisho niende zangu. Jana yake nilishaiandalia ghala la diski, yaani folda ya kuhifadhia faili zake. Nikabonyeza "unda". Ikakataa: ghala halijawashwa. Nikaliwasha ghala. Nalo likagoma: folda haipo.

"Nilimwambia dada yako kazi hii huiwezi," Shemeji alisema nyuma ya shingo yangu, kwa sauti ya kufika hadi mapokezi.

"Shemeji, nipe dakika tano."

"Nimekupa miezi mitatu."

Nilikaza macho kwenye kioo. Nikafungua kumbukumbu za amri. Saa mbili na dakika kumi asubuhi, jina lake, amri ya kufuta. Folda ya ghala langu ilikuwa tupu kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa bado haijaundwa, naye kaifagia! Nikaiunda folda upya, nikaliwasha ghala, nikabonyeza tena. Mashine ikawaka.

Mganga mkuu akaingia. "Tayari?"

"Nimeirekebisha mwenyewe," Shemeji akadakia. "Huyu alikwama."

Nilimgeuzia mganga mkuu kioo. Alisoma, akamtazama Shemeji, akasaini mkataba wangu palepale, kisha akamwambia funguo za chumba cha seva anikabidhi mimi. Nilifurahi, tena sana. Sioni haya kusema.

Jioni nilikuta begi langu nje ya mlango, limefungwa kwa kamba. Dada alikuwa dirishani, hakufungua. Shemeji alikaa barazani na kikombe chake cha chai.

"Shemeji, ndiyo nini hii?"

"Nimepita chumbani kwako," alisema bila kuinua macho. "Nimekikuta kitupu."